Herufi Sita

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kanisindikiza kliniki. Fundi cherehani mzima, shati halina kifungo! Vidole vyake havishiki sindano tena, na hataki nimshonee — eti mishono yangu inaaibisha ukoo.

Daktari akatueleza. Ugonjwa huu unaua neva zinazoendesha misuli. Ndio uliomwondoa Baba, na sasa umemshika kaka. Kwetu chanzo ni jeni moja: urithi wa mwili umeandikwa kama kwa herufi, na hapo herufi sita zinajirudia. Kwa watu wengi mara chache tu. Kwa kaka, mamia! Uchafu unarundikana ndani ya neva, neva zinakufa. Mimi kuirithi au kutoirithi, nusu kwa nusu.

Miaka kumi na tisa nasoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, nasaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, nakata maneno yaliyojirudia. Kumbe kosa kubwa limo kwenye damu yetu.

Kaka akasema si ajabu, Baba hadithi moja aliirudia mpaka tukasinzia. Daktari akajikaza asicheke.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoa damu ya kipimo cha jeni. Kazini nimeachia "na na" ukurasa wa kwanza! Bosi kauliza kama nimepata mchumba. Nimemjibu ndiyo, mkorofi kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka sasa anainua kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia huenda nisiyachukue majibu. Akakasirika — bila utani safari hii. Anasema ugonjwa wake ameshaukubali, kinachomnyima usingizi ni mimi. Kama nimesalimika, anataka aifaidi furaha hiyo angali anaweza kucheka.

Nikaenda kulia jikoni. Akanifuata mlangoni, akauliza kama chai ya leo inapikwa kwa machozi.

Ijumaa, 11 Aprili

Kliniki tena. Daktari alitaka kuniambia kwa mdomo. Nikakataa — mimi naamini maandishi. Kaka akadai bahasha aifungue yeye. Kwa vidole vile! Daktari akamsogezea mkasi, kaka akamtazama kama katukanwa. Mimi kaniamuru niandike, nisimkodolee macho.

Basi naandika. Kona imechanika. Sasa anavuta kwa meno — mtu mzima! Daktari anatazama dirishani.

Karatasi imetoka. Anasoma kimyakimya, midomo inacheza, vilevile kama utotoni. Amefika chini.

Nangoja utani wake.

Hacheki. Karudi mstari wa kwanza.