Mizinga ya Wajerumani Iliyotegwa Kisegi

Homa Bay, Jumanne

Na bado sijutii.

Mzee Mjerumani anayeishi kisiwani Takawiri alinipa mimi makaratasi ya baba yake, niandike historia ya rejimenti ya baba huyo ya kutungua ndege katika Vita vya Pili. Mwalimu Ochieng, tunayefundisha naye, aliazima rasimu yangu aipitie. Ikarudi na jina lake juu.

Leo asubuhi, kabla ya kuisoma mbele ya wageni, aliniuliza, "Madam, kuna kitu cha kurekebisha?"

"Hakuna, mwalimu. Soma tu."

Nina tabia moja. Mji ambao sijahakikisha jina lake naupa jina la nyumbani kwanza, nitafute la kweli baadaye. Kwa hivyo leo, mbele ya mzee na wageni wake, Ochieng amesoma kwa madaha kwamba mizinga ilitegwa Kisegi. Kisegi kwetu, tunakoanika dagaa wa omena. Yeye ni wa Siaya, hajawahi kufika.

Mzee alivua miwani. "Kisegi iko wapi?"

"Kaskazini mwa Ujerumani," akajibu bila kupepesa macho.

Naogopa mzee atachukua makaratasi yake. Naogopa sana, lakini...

Jioni Ochieng amenitumia ujumbe, nimsaidie kuitafuta Kisegi kwenye ramani ya Ujerumani. Nimemwambia aendelee kuangalia.