Jiwe la Juu

Jumatano. Mwezi wa nne tangu niondoke Kasulu. Mgongo hausemeki.

Hapa machimboni Miyuji tunachoma mawe kwa matairi mpaka yapasuke, kisha tunayagonga kokoto. Jioni huwa naegemea lile jiwe kubwa la juu, likiwa bado na joto la jua. Kanisani nawaza tu vumbi la nguo zangu. Pale jiweni upepo unapita, nanyamaza, na najua Mungu yupo.

Leo bosi kalinyooshea fimbo. "Kesho tunachoma hili."

Nikajikuta nasema, "Bosi, hapo ndipo ninaposali."

Wenzangu walicheka. Masima ndiye aliyezidi: "Mlokole, kumbe Mungu wako anakaa kwenye kokoto!" Kisha, bado anacheka, akamgeukia bosi. "Tuanze na la bondeni, bosi. Lina ufa tayari."

Bosi hakushuka kutazama. Akakubali.

La bondeni halina ufa wowote. Kesho litatutoa jasho wote, na Masima anajua.

Jioni nimeegemea jiwe langu, nikamwombea yeye kwanza, mgongo baadaye. Nyumbani nitarudi mvua zikikaribia. Bosi asilikumbuke kabla ya hapo.