Laptop ya Bibi na Sauti ya Tatu

Mbinga Mjini
24 Aprili 2025

Mke wangu mpendwa, Bibi Scholastica,

Shikamoo. Habari za Lituhi, na miguu inaendeleaje? Mimi huku ni mzima kupita kiasi.

Naomba ukae kwanza. Wiki iliyopita kompyuta ya ofisi moja hapa mjini ilikataa kuwaka siku nne. Mafundi watatu waliinua mikono. Mimi nilipoingia tu mlangoni, kabla hata sijaigusa, ikawaka yenyewe. Kwa heshima. Bosi wangu, Fundi Xaveri, anasema ni umeme uliokuwa umerudi. Wivu tu.

Sasa Nazari, konda wa gari la Lituhi, ameniambia kwamba laptop yako unaiwasha, unasali rozari nzima, unamaliza, bado inazungusha kile kiduara. Dawa yake ninayo. Inaitwa Linux. Hiyo Windows yako imezeeka, haitunzwi tena na wenyewe. Linux ni kama unga wa mahindi: unga ni uleule, lakini mmoja anapika ugali, mwingine uji, mwingine togwa. Kila pishi mafundi wanaliita distro, na mapishi yenyewe ni mamia. Nimekuchagulia Ubuntu, maana ndiyo maarufu kuliko zote, na mke wa Izidori hawezi kutumia kitu kisicho na jina.

Humu kwenye bahasha kuna flashi. Ichomeke, washa, bonyeza F12 mfululizo, chagua USB. Utaionja bila kuiweka ndani, kama mboga jikoni. Ikikuuliza kama unataka kuiweka, kataa.

Walioniacha Kidato cha Pili wakidhani wamenikomoa, wasalimie.

Mumeo mtukufu,
Izidori

*

Lituhi
30 Aprili 2025

Mume wangu Izidori,

Marahaba. Miguu ipo, jicho lipo, sikio la kulia lipo. La kushoto lilistaafu kabla yangu, unalijua. Rosina anakusalimu. Ndiye atakayeipokea kwaya mimi nikishaweka chini fimbo ya kuongozea, na nitaiweka mwaka huu.

Barua yako ina makosa kumi na moja. Nimeyazungushia kalamu nyekundu na kukurudishia pamoja na hii. Hata hivyo naipenda kuliko zile jumbe zako za simu zenye "xaxa" na "poa xana", ambazo sizisomi na sitazisoma. Nilifundisha miaka thelathini na minne, siwezi kumaliza maisha kwa namna hiyo.

Nimeionja Ubuntu yako. Ilikuja na rangi nzuri kama kitenge cha Pasaka, ikakaa. Nikabonyeza, ikawaza. Nikaenda kugeuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, kichanjani, nikarudi, bado inawaza. Ni chombo kizuri kwa mtu mwenye mashine nzuri. Hii yangu ina miaka kumi na tano, na pale kwenye karatasi yake ya ubavuni imeandikwa RAM giga mbili.

Wewe unakaa Umatengoni, lakini huangalii. Wamatengo wanachimba ngolo zao, yale mashimo, kwa sababu wanalima kwenye mteremko. Hakuna aliyeuliza kilimo kipi kina jina kubwa. Uliza mteremko wangu kwanza. Mimi nataka mambo matatu: kuandika noti za kwaya, herufi kubwa, na kitu kisichohitaji mtandao kila saa, maana mtandao hapa hupita kama mgeni anayeenda kwingine.

Unakula? Au unaishi kwa sifa?

Bibi yako na mkeo,
Scholastica

*

Mbinga Mjini
5 Mei 2025

Mke wangu mkali,

Shikamoo. Nakula. Mama Hildegardi wa mgahawani ananiongezea maharage bila kuombwa, kwa ajili ya sura hii.

Kuhusu Ubuntu nimekubali kwamba ilikuwa kiatu kikubwa. Hata magwiji huteleza, ili wengine wasikate tamaa.

Safari hii nimeketi kama hakimu. Kwanza nilitaka kukupa Kali, distro ya wadukuzi, ambayo naitumia mimi, yenye picha ya joka, mtu akiiona anajua hapa amekaa jasusi. Fundi Xaveri akanipiga kofi la kisogo. "We kijana, bibi yako anataka kuandika Bwana Utuhurumie, unampa vyombo vya kuvunjia milango?" Nikaiacha. Nikajaribu Puppy: ndogo, inaingia yote kwenye RAM, mbio kama swala, lakini mambo yake ya kuhifadhi mafaili yananichanganya hata mimi, sembuse binadamu wa kawaida. Nikajaribu antiX. Hiyo ingewaka hata kwenye redio ya babu. Ila sura yake kavu, na menyu zimejificha.

Mwisho nimekuja na Mint, ile yenye mavazi mepesi wanayoyaita Xfce. Kitufe cha menyu kipo pale chini kushoto ulikokizoea. Herufi tunazikuza. Giga mbili zinaibeba, ila usifungue madirisha kumi kama nyumba ya tajiri. Programu ya kuandikia noti ipo, inaitwa MuseScore, ya bure, haiulizi mtandao.

Flashi ya pili hii hapa. Ukiipenda, mpe Nazari laptop yenyewe niiweke moja kwa moja. Saa moja tu. Mikono hii, Bibi, ingetakiwa kukatiwa bima.

Mumeo mtukufu,
Izidori

*

Lituhi
11 Mei 2025

Mume wangu,

Marahaba. Makosa sita tu safari hii. Unakua.

Mint nimeipenda. Nimeiwasha nikaweka maji ya chai, na maji hayajachemka ilikuwa tayari. Nimefungua, nimefunga, nimeandika jina langu kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Hiyo ndiyo ya mteremko wangu.

Nampa Nazari laptop, nimeifunga kwa khanga mbili, na nimemwambia ikidondoka asirudi Lituhi.

Sasa nisikilize vizuri. Humo ndani kuna nyimbo zangu. Nyingi zipo pia kwenye jalada la kwaya kwa karatasi. Lakini ule mpya, "Nyavu Tupu", wa Petro aliyekesha ziwani bila kupata kitu, upo humo tu. Printa ilikufa kabla sijauchapa, nikawafundisha ninyi kwa mdomo, mstari kwa mstari, tangu Novemba mpaka ulipoondoka Februari. Ndio wimbo tutakaouimba tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, Padri atakapobariki mitumbwi. Ni wimbo wangu wa mwisho nikiwa na fimbo mkononi. Baada ya hapo nitakaa benchi kama waumini wengine na kulalamika.

Unajua sauti ya tatu, ya teno, nilivyoihangaikia. Niliiandika kwa koo lako. Nikiwaona ninyi mateno wawili, wewe na Alphonce, pale kushoto kwangu, karibu na dirisha, mmefumba macho mnavyoimba, najisemea: huyu mtoto hakufaulu mtihani, lakini hili amefaulu.

Nyimbo hizo uzitunze.

Bibi yako na mkeo,
Scholastica

*

Mbinga Mjini
22 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekufikia pamoja na laptop, na zote zikiwa wima.

Kazi imekamilika. Ni kama imezaliwa upya. Nimeweka Mint, nimekuza herufi, nimeweka MuseScore, nimeweka na mchezo wa karata kwa siku za mvua. Picha zako za kipaimara zote zipo. Barua zako kwa Wizara kuhusu pensheni zote zipo, hata ile ya matusi ambayo hukuituma. Nimeisafisha na vumbi, nimetoa mende wawili waliokuwa wamefunga ndoa karibu na feni.

Mama Hildegardi anakusalimu. Mvua zimekwisha huku, baridi imeanza. Kahawa inaanza kuiva. Fundi Xaveri ana mafua.

Sina mengine. Kazi ni nyingi sana.

Mjukuu wako na mumeo,
Izidori

*

Lituhi
27 Mei 2025

Mume wangu Izidori,

Marahaba. Mpe pole Fundi Xaveri, achemshe mchaichai.

Mashine ni ya ajabu. Naiwasha, nafanya ishara ya msalaba, nikifika "Amina" tayari inanisubiri. Rosina ameshajifunza, na Elias wa besi amekuja kuiangalia mara tatu kana kwamba ni ndama.

Lakini nyimbo hazimo.

Nimetafuta siku mbili. Barua zipo, picha zipo, mende hawapo. Nyimbo hamna hata mmoja. Barua yako ilikuwa na habari za baridi, za kahawa na mafua, na haikuwa na makosa hata moja, nikajua umeiandika ukiwa na hofu. Wanafunzi wangu wote walikuwa hivyo.

Sikukasirika. Nilikunywa chai. Kisha nikamwita Rosina akaimba sauti ya kwanza, nikaiandika. Sauti ya pili naijua mwenyewe. Elias akaja akanguruma besi jioni nzima, mpaka mbuzi wa jirani wakamjibu. Tumeziingiza zote tatu kwenye hiyo MuseScore yako. Unabonyeza, inakupigia ulichoandika! Nimecheka kama msichana.

Imebaki ya tatu. Niliibadilisha mara sita. Zile tano nilizozitupa nazikumbuka vizuri. Ya sita, ile nzuri, imenitoka. Nimemwuliza Alphonce, amekuna kichwa akasema, "Bibi, mwulize Izidori, mimi nilikuwa namfuata yeye."

Basi niandikie. Karatasi moja ya do-re-mi inatosha, umpe Nazari. Bado mwezi mzima.

Bibi yako na mkeo,
Scholastica

*

Lituhi
10 Juni 2025

Izidori,

Nazari amepita mara nne mikono mitupu. Anasema kila ukimwona unaingia chini ya meza.

Kama ni kule kufuta nyimbo, nilishakwambia sikukasirika. Kama unaumwa, sema. Mimi nataka sauti ya tatu tu. Kwaya inafanya mazoezi ikiwa na pengo, na Padri ameshatangaza.

Bibi yako

*

Mbinga Mjini
21 Juni 2025

Bibi yangu Scholastica,

Shikamoo. Habari za huko? Siumwi. Miguu yako inaendeleaje?

Nianze na lile unalolijua. Ile programu yako ya zamani ya noti ilikuwa haihifadhi nyimbo pamoja na barua. Ilikuwa na chumba chake, ndani kabisa, pamoja na vyombo vyake. Mimi nikakusanya barua, nikakusanya picha, nikasema nimemaliza. Mint ikaniuliza kama ifute diski yote. Ilinionya vizuri, kwa maandishi. Nikabonyeza ndiyo huku namsimulia Mama Hildegardi jinsi nilivyo hodari. Asubuhi yake nilipoikumbuka barua yako nikazitafuta nyimbo, siku tatu, kwa kila dawa aliyonayo Fundi Xaveri. Vikarudi vipande vya picha na nusu ya barua moja ya pensheni. Nyimbo hazikurudi. Nikakuandikia habari za kahawa.

Xaveri ameniambia kitu nikuambie na wewe: kila fundi anafuta kitu cha mtu mara moja, na anayebaki fundi ni yule anayeuliza kwanza mwenye mashine anaitumia kwa kazi gani, na vitu vyake viko wapi. Distro tulichagua vizuri. Ulinifundisha wewe, kwa ngolo. Kwa hiyo hilo la kufuta limeniuma, lakini ningeweza kulilipa. Ningekaa chini, ningeandika sauti ya tatu, tungekuwa sawa.

Nimekaa chini, Bibi. Mara nne Nazari amepita, na mara nne nilikuwa na karatasi mbele yangu. Nimeandika do. Baada ya do hakuna kitu.

Uliponiambia Alphonce alikuwa ananifuata mimi, nilicheka peke yangu mpaka wateja wakaniangalia, halafu sikucheka tena. Mimi nilikuwa namfuata Alphonce. Siku ile ya kwanza uliyotufundisha mstari wa teno nilichelewa, nilikuwa ufukweni kwenye mpira. Nikamwuliza Alphonce kama ameushika, akasema ameushika, nami nikasema nimeushika. Baada ya hapo kila mmoja alisikiliza alichoimba mwenzake. Tukiona kinaelea, tunachukua besi ya Elias tunaipandisha juu. Wakati mwingine tulifungua midomo tu. Wakiimba watu ishirini na wawili, pengo la wawili halionekani.

Na macho tuliyafumba ili usiyaone.

Lingine sijamwambia hata Padri. Wewe ulitupanga kushoto, karibu na dirisha, kwa sababu ya joto. Alphonce hakufikiria chochote. Mimi nilijua sikio lako la kushoto. Nilijua tangu nikiwa mdogo, maana ukiniita kula nilikuwa najibu nikiwa upande ule ili useme sijasikia, nizidi kucheza. Miezi minne nilisimama pale pale, nikijua hunisikii, na kila mwisho wa mazoezi ulinishika bega ukasema, "Umeipata." Nikasema, "Asante, Bibi." Ningeweza kusema neno lingine siku yoyote. Nafasi ilikuwa pale pale, umbali wa mkono.

Jumatano nakuja na gari la Nazari. Zitakuwa zimebaki siku nne mpaka sikukuu. Andika ya saba, nitaijifunza hata kwa viboko. Na ukinipanga, nipange kulia.

Maana ile ya sita, ile nzuri, Bibi, hakuna aliyewahi kuisikia. Sikuiimba.

Mjukuu wako,
Izidori