Pete Mbili kwa Maneno ya Yaya Jeancy

Kolwezi, Manika
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa Tantine Simone,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama, na nimelibeba miaka miwili. Naandika kamusi. Lakini nikiendelea bila kukusalimu mama atasema sikulelewa, kwa hiyo lishike kidogo. U hali gani huko Kalemie? Kifua cha tonton Philippe kimepona? Sisi tu wazima. Baridi imeingia, asubuhi tunagombania kukaa karibu na mbabula ya makaa, na mitihani yangu imebakiza wiki moja.

Sasa kamusi. Unajua kaka yangu mkubwa, yaya Jeancy, anachimba madini kule Mutoshi na hurudi nyumbani kila Jumamosi. Anarudi na maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule: jina la kamba iliyochakaa, jina la udongo unaotangulia madini, jina la mtu anayebaki juu ya shimo wenzake wakishuka. Mimi humsikiliza anapokula, kisha naingia chumbani na kuandika. Kila neno na karatasi yake. Zimefika mia tatu na nane.

Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeacha masomo baba alipofariki, ili mimi niendelee. Niliogopa kwamba akijua namwandika, ataona namcheka. Kwa hilo nisingejisamehe.

Mwanzoni niliandika katika daftari, lakini kurasa za K zilijaa na neno jipya la K likakosa pa kukaa. Nikahamia kwenye karatasi moja moja, nikazificha katika mfuko mtupu wa unga. Mara mbili mama alichota humo za kuwashia makaa. Nilihitaji kitabu kinachofunguka, kikapokea karatasi katikati, kikajifunga tena. Kitabu hicho kipo, ni classeur, jalada lenye pete za chuma, ila zile mpya za dukani zina pete laini zinazopinda kabla mwaka wa shule haujaisha.

Karibu na soko letu yuko mzee mmoja, tata Mukalay. Huvunja classeur kuukuu za maofisini, hutoa vyuma vyenye pete na kuvitundika kwenye waya kama samaki wa kukaushwa. Nilipita mbele yake siku tatu kabla ya kuthubutu kusimama. Nikanyoshea kidole chuma kimoja kinachong'aa, chenye pete nne.

“Karatasi yako iko na matundu ngapi?” akauliza.

“Mawili, tata.” Unakumbuka, ile mashine ya kutobolea uliyoniachia hutoboa mawili tu.

“Sasa zile pete zingine mbili utavaa mu masikio?”

Nilicheka mpaka nikasahau aibu. Akanifundisha kuchagua, na tangu siku hiyo siwezi kuona classeur ya mtu bila kuikagua. Unafunga pete, unaiinua juani. “Kama unaona mwangaza pale inakutana, acha. Karatasi nayo itaona njia.” Kisha unapitisha karatasi juu ya kiungo polepole; ikikwaruza, siku moja itachanika. Tulijaribu vyuma vitano. Cha tano kilifunga kimya. Pete zake si duara kamili: upande mmoja umenyooka, kwa hiyo karatasi hupangana sawasawa kama matofali, na huingia nyingi zaidi. Tena hakifungwi mgongoni mwa jalada kama nilivyodhani, bali kwenye ubao wa nyuma.

Jalada nililitengeneza mwenyewe kwa katoni mbili, gundi ya unga wa muhogo na kipande cha kitenge cha mama. Ribiti za kubania chuma hicho kwenye ubao ndizo zilizokosekana. Jana nilikata vipande vya waya mnene wa shaba nikaanza kuvigonga uani. Kila ncha niliyojaribu kuitandaza iwe kichwa ilipasuka. Kipande cha nne kilipopasuka nikasikia nyuma yangu:

“Abi, unapiga mukuba ya baridi? Itakukatalia mpaka kesho.”

Yaya Jeancy alikuwa amerudi mapema, bado ana vumbi hadi kwenye nyusi.

“Choma yo kwanza mu mbabula, ikuwe nyekundu, kisha tosa mu maji.”

“Si itakuwa ngumu, yaya?”

“Ile ni chuma. Mukuba inalainika. Banakufundishaka nini ku masomo?”

Tantine, ikalainika kweli. Nyundo tatu, na kichwa kikatandaa kama kifungo cha shati. Nilifurahi kiasi kwamba sikumwona akichukua karatasi za kwanza nilizoleta uani, kuzivisha kwenye pete, ajaribu kama zinashika. Akasoma ya juu. Akasoma ya pili.

“Hii ni maneno yangu.”

Akafunua ya tatu.

“Unaniandikaka?”

“Ndiyo, yaya.”

Akapindua ndoo, akaikalia, akasoma kama ishirini. Mimi nilibaki na nyundo mkononi.

“Hapa umedanganya,” akasema mwishowe. “Kamba ikingali mupya haiitwake vile. Na hapa unaandika sawa avoka mu mahakama. Leta kalamu.”

Alisahihisha hadi mama akaita chakula mara tatu. Akaniongezea maneno sita mapya, na kwa kila moja tulifungua pete, tukaliweka mahali pake, tukafunga. Hata wewe ukisikia neno la Kalemie tusilolijua huku, nitumie. Nafasi ipo.

Nisalimie tonton Philippe, Princesse na Mechack. Mama anasema kitenge ulichomtumia amekishona tayari.

Limebaki jambo moja. Baada ya chakula yaya alifika kwenye karatasi fulani akaweka kalamu chini. Ni neno wanalosema wachimbaji shimo likimfunga mtu ndani. Alilisema nyumbani mara moja tu, mwezi wa tatu, siku ambayo rafiki yake Papy hakupanda tena kutoka shimoni.

“Hii hapana, Abi. Hii si ya kitabu.”

Nilibonyeza ncha mbili za chuma, pete zikafunguka. Nikaitoa karatasi bila kuichana, nikampa. Aliikunja mara nne akaitia katika mfuko wa shati. Nikafunga pete, nikalifuta neno hilo kwenye orodha ya maneno iliyo mbele ya kitabu. Hata wewe sitakuandikia.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mtoto wako anayekupenda na kukukumbuka,
Abigaëlle