Tulivyokwenda Kliniki

Mwanangu kipenzi,

Huku hatujambo. Mwanao Kibonge ameota meno ya juu, sasa anatafuna kila kitu, hata kandambili zangu.

Jumanne nilipanda naye basi kumpeleka kliniki kuchanjwa. Alimvua konda kofia akagoma kuirudisha, abiria wakacheka mbavu hawana.

Sasa hapa sijui nikuelezeje. Tulishuka, tukakaa mbele ya geti la shule, nikamwambia Kibonge, "Tulia, anatoka sasa hivi." Kengele ikalia, watoto wakatoka mpaka wakaisha.

Mlinzi akaniuliza, "Bibi, unamsubiri nani?"

Nikamtajia jina lako. Nikamwambia uko darasa la tatu, una mkoba mwekundu. Kibonge akanivuta sikio, ndipo nikakumbuka kuwa ni mwanao.

Mlinzi alitupandisha basi la kurudi. Labda ni jua tu. Chanjo tutakwenda wiki ijayo, jirani atatusindikiza, kwa hiyo usikatishe kazi yako huko ukaja mbio.

Ila niandikie, ule mkoba uliuacha wapi? Nimeutafuta mpaka uvunguni.

Ni mimi mama yako,
ninayekusubiri.