Mashavu ya Suhaib

Bwejuu, Unguja
Jumatano, Mfunguo Tatu

Mdogo wangu Mwanakheri,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Nnamuomba Mungu barua hii ikufikie ukiwa mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kufua na kupiga deki nyumba za watu uwe umepoa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mume wangu Silima karudi kutoka dago, kambi ya uvuvi aliyokaa mwezi mzima, na mwanangu Salhiya anakwenda skuli kama kawaida. Barua hii nampa Faiza, anayerudi Maskati Jumamosi. Nimemwambia akutie mkononi mwenyewe. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Mara tatu nimekupigia nikwambie haya, na mara tatu nimeishia kukuuliza habari za joto la huko. Mara ya mwisho ulinishukuru. Ulisema, "Ahsante dada, najua ulimlea mwanangu Suhaib kama uliyemzaa." Tangu siku ile chakula hakinipiti.

Ulipoondoka alikuwa na mwaka na miezi miwili, na ziwa ulimwachisha wiki ile ile ya safari. Alilia siku chache, kisha akanizoea. Asubuhi nikimpikia uji wa unga wa muhogo wenye sukari nyingi, maana bila ya sukari aliutema. Maji yakitoka nakwenda pwani kwenye mwani wangu, namwacha kwa mama mkwe wangu, Bi Duni, naye akimpa chai ya rangi na mkate. Usiku wali mweupe na rojo. Na zile biskuti na unga wa juisi ulizokuwa ukituletea, hizo alizipenda kuliko vyote. Samaki tulimnyima kwa kuogopa miba. Mayai, Bi Duni alisema mtoto akiyala mapema atachelewa kusema, kwa hiyo mayai ya kuku wangu yalikwenda hotelini pamoja na pweza wa Silima. Usifikiri alilala na njaa, Mwanakheri. Kila siku alishiba, na hilo ndilo lililonidanganya.

Kabla ya Ramadhani mashavu yake yakajaa. Watu wakipita barazani wanasema mashallah, mtoto wa Mwanakheri kanenepa. Nikakupelekea ile picha, ukanambia umelia kwa furaha, nami nikaona fahari. Lakini nywele zake zilikuwa zishaanza kuwa nyepesi, rangi ya kutu, na mchezo umemwisha. Nikimweka mahali anakaa pale pale. Kuku akimnyang'anya mkate mkononi, anamtazama tu. Mimi nikisema huyu mtoto mtaratibu.

Baada ya Sikukuu ngozi ya miguu ikaanza kumbambuka, nikampeleka kituo cha afya. Nesi Badria akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na alipokitoa shimo likabaki, kama umebonyeza unga uliokandwa. Akabonyeza na wa pili, vile vile. Akanambia, "Bi Kidawa, huyu hakunenepa, haya ni maji. Mtoto ana utapiamlo mkali." Akanieleza kwamba tumbo linaweza kujaa muhogo na wali kila siku, na mwili ukawa unakufa njaa kwa kukosa vya kuujenga: samaki, mayai, maziwa, kunde, hata dagaa wa kusaga. Akaniuliza anakula nini. Nikamjibu, samaki kila siku. Benchi lilikuwa limejaa wanawake, masikio yote kwangu. Mimi Kidawa, mwenye kuku uani na mume mvuvi, nionekane namnyima chakula mtoto wa mdogo wangu!

Sasa sikiliza. Nilikwambia Suhaib alishikwa na homa ya siku mbili, na hatukuwahi. Si kweli. Nesi Badria alitaka apelekwe hospitali ya mjini saa ile ile, na gari ya wagonjwa alishaipigia simu. Nikamwambia nakwenda nyumbani mara moja kuchukua nguo za mtoto. Sikurudi. Alipoona kimya akaja mwenyewe kwa miguu, jua la adhuhuri. Nikatia komeo, nikakaa chini nyuma ya kitanda na mwanao mapajani. Alipiga hodi, akaita jina langu, akaita na la Suhaib. Mkono wangu ulikuwa tayari kumziba mdomo asilie. Haukuhitajika. Hakuwa na nguvu za kulia.

Jioni nesi akanipigia simu. Nikamwambia tushafika mjini, keshalazwa.

Nilitaka kumponya mwenyewe, kisha nimrudishe kituoni akiwa mzima, wote wamuone. Nikamlisha kwa nguvu, mayai mawili kwa mpigo, supu ya pweza, maziwa. Akaharisha siku tatu. Baadaye nilisikia kwamba mtoto aliyefikia pale hulishwa kidogo kidogo, kwa maziwa maalumu, chini ya macho ya daktari. Ijumaa asubuhi, wanaume wakijitayarisha kwa sala, alifia mapajani kwangu. Nesi Badria alikuja matangani. Alinishika mkono, akanitazama machoni.

Silima hajui, alikuwa dago. Bi Duni anadhani kituoni nilipewa dawa nikarudi. Wewe ndiye wa kwanza kujua. Ukitaka kuwaambia watu, waambie, sitakanusha. Lakini usijilaumu kwa zile biskuti. Wewe ulikuwa mbali. Sahani yake nilikuwa naiona mimi. Na usinisamehe haraka kwa kuwa tumetoka tumbo moja. Siku utakayorudi, ukiona huwezi kufikia kwangu, fikia popote moyo wako unapotaka. Kaburini Silima atakupeleka.

Bi Duni anakusalimu sana na anakuombea dua. Silima anakusalimu. Salhiya naye anakusalimu, anauliza mama mdogo anarudi lini. Salamu zao zipokee, wametoa kwa moyo mweupe. Hakuna hata mmoja wao anayejua nilichokiandika humu.

Wassalaam,
dada yako,
Kidawa