Nilimtafutia Mwende Lugha ya Kompyuta, Yeye Akimtafuta Achieng

Jumapili, mwezi wa saba. Mtaa wetu wa Jericho umeamkia manyunyu na hadi saa hii ninapoandika jua halijatuonea huruma. Baba Mwende yuko safarini na lori, sweta yake nimeivaa mimi, na sina mpango wa kuivua.

Nimechoka, lakini nina furaha.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikitafuta lugha ya kompyuta ya kumwanzishia Mwende wangu. Ana miaka tisa. Mimi ni karani wa stoo. Kompyuta ya kazini najua kuingiza mizigo na kuizima, basi. Kwa hiyo nikauliza watu. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa nilipata majibu mengi kuliko siku tulipouliza nani atapika chai ya harusi. Mmoja alisema asubiri kidato cha kwanza. Mwingine alisema nimwombee kwanza.

Mdogo wangu Mutua ndiye fundi wetu wa mambo haya, kazi yake ni kutengenezea watu tovuti. Nilipomwambia nimesikia kuhusu Scratch, ile ya watoto ya kuburuta vipande vya rangi, alicheka.

"Sis, hiyo ni ya watoi. Mwanzishie Python, asikuje kupoteza time."

Nilimsikiliza. Mutua akianza kuzungumza kompyuta hata mama yetu hunyamaza, na mama yetu si mtu wa kunyamaza.

Lakini hapa nitasema ukweli wote. Sikuwa nikiwazia kazi yake ya baadaye tu. Tangu Achieng, rafiki yake wa mlango wa pili, ahamie mtaa wa Mowlem na wazazi wake, Mwende amekuwa kimya. Jioni walikuwa hawaingii ndani bila kuitwa, wako nje wanacheza kati: mmoja huku, mmoja kule, wa tatu katikati akikwepa mpira wa soksi. Siku hizi akitoka shule anakaa kitandani akichomoa nyuzi za blanketi.

Nilijiambia watoto husahau. Nikaona akipata kitu cha kumshughulisha akili, atasahau upesi.

Leo mchana Mutua alikuja na laptopu yake ya zamani, tukaanza na hiyo Python, ambayo amri zake unaziandika kwa herufi. Mwende alitakiwa aandike mstari wa kuifanya kompyuta itaje jina lake. Akasahau mabano, zikaja herufi nyekundu za kosa. Akarudia, zikaja tena. Mwishowe jina lake likatokea, mimi na Mutua tukapiga makofi utadhani ni mahafali. Mwende alilitazama jina lile, halafu akatuuliza kwa adabu kabisa mpira uko wapi.

Mpira gani?

Kumtoa maneno kulichukua muda. Kumbe siku moja alinisikia nikisema kwenye simu kwamba kwa kompyuta mtoto anaweza kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Siku zote hizi nikizunguka kuuliza, yeye alikuwa akingoja kutengeneza kati.

"Anko, hii ni ya kuandika tu," alimwambia Mutua. "Mimi nilitaka ya kucheza na Achieng."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimeuliza mtaa mzima isipokuwa yeye.

Mutua, Mungu ambariki, hakubishana. Alijikuna kidevu, akafungua Scratch ileile aliyoidharau, akamsogezea Mwende kiti. Unachukua kipande kinachosema sogea, unakibandika chini ya kingine, na mpira unasogea kweli. Mtoto akaanza kutoa amri. Wa katikati harushi, Anko. Ukiguswa unatoka, Anko. Mutua alikuwa amesahau sheria za kati, na mimi nikajifanya nazikumbuka, ugomvi ukazuka. Ikabidi tutoke nje kwenye manyunyu tuzikumbuke kwa vitendo.

Mimi ndiye niliyewekwa katikati. Sijakimbia vile tangu nizae. Soksi ilinipata mgongoni, ikanipata tumboni, ikanipata tena kabla sijageuka, na majirani wakatoka milangoni kuangalia mama mzima akiruka matope. Mwende akacheka. Kile kicheko chake cha kukata pumzi, ambacho sikuwa nimekisikia tangu akina Achieng wapakie vitu vyao.

Nililia kidogo. Nikasingizia mvua.

Tuliporudi ndani walimalizia kuchora wachezaji. Katikati yuko mwanamke mnene mwenye sweta kubwa, na Mwende alieleza kwamba huyo ni mimi kwa sababu sijui kukwepa. Kushoto amesimama yeye. Kulia bado palikuwa patupu, na Mwende akauliza kama mtu anaweza kucheza pale kwa simu akiwa Mowlem. Mutua akamweleza polepole kwamba mchezo wa kuunganisha simu mbili ni kazi kubwa, hawataiweza leo. Huu utachezwa na watu waliokaa mbele ya laptopu moja. Ila wakitaka, kompyuta yenyewe inaweza kurusha kutoka upande wa kulia, wacheze sasa hivi.

Mwende akakataa. Aliomba simu yangu, akamrekodia Mama Achieng ujumbe wa kumpa mwanawe. Nilisimama jikoni nikisikiliza.

"Achieng, nimekuwekea mahali yako ya kusimama. Hakuna mtu mwingine atasimama hapo."

Akanirudishia simu, akaenda kuoga.

Mowlem si ng'ambo. Tangu wahame sijampeleka hata mara moja, eti asahau.

Jumamosi tunaenda.